Kushuti Video ya Wimbo Kisumu na Magharibi: Sauti, Mwanga na Uhariri

Video za nyimbo zinazoharibika huku Kisumu, Siaya, Kakamega na Busia haziharibiki sana kwa sababu ya kamera mbovu. Mara nyingi kosa ni moja kati ya mawili: midomo ya mwimbaji haiendi na sauti, au uso wake umegeuka kivuli mbele ya anga jeupe. Yote mawili huamuliwa kabla kamera haijawashwa, ndiyo maana mwongozo huu umeyapa nafasi kubwa kuliko droni na mbwembwe za uhariri.

Wimbo uwe umekamilika

Usishuti kwa demo. Subiri wimbo ulioisha kuchanganywa, na mwulize prodyuza waziwazi kama kuna kitu atakachobadilisha. Akipunguza besi, hakuna neno. Akigusa mwendo wa wimbo, kazi imepotea: wimbo ulioshutiwa kwa mapigo 104 kwa dakika, ukipandishwa hadi 106, kufikia sekunde ya 30 midomo na sauti zimeachana kwa zaidi ya nusu sekunde, yaani fremu 14 hivi (picha moja moja zinazounda video) kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Mtazamaji wa kawaida huanza kuhisi kasoro hata tofauti ikiwa ya fremu 3 tu, ingawa huenda asijue kuitaja.

Ukishaupata wimbo, tengeneza nakala ya kuongozea, ile itakayochezwa kwenye spika siku ya kushuti. Iwe faili ileile utakayotumia kwenye uhariri. Kisha ikate vipande: ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, na kama ni benga, klaimaksi, mahali magitaa yanapojibizana, iwe kipande chake peke yake. Mwanzoni mwa kila kipande weka milio minne, "ti, ti, ti, ti", kwa mwendo wa wimbo wenyewe. Bila milio hiyo mwimbaji huingia amechelewa neno moja, na mshika kamera anayetakiwa kusogea neno la kwanza likitoka hubaki anabahatisha. Vipatie vipande majina yanayosomeka haraka kwenye simu, maana atakayebonyeza atakuwa amesimama juani na skrini haionekani vizuri.

Spika na kamera

Kila kamera irekodi sauti, hata kama sauti hiyo haitasikika kamwe kwenye video. Hiyo ndiyo programu ya uhariri itakayotumia kulinganisha picha na wimbo. Weka spika karibu na mwimbaji, nje kidogo ya fremu, kwa sauti ya kutosha kushinda upepo na kelele za bodaboda.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila mita 14 hivi ni fremu moja. Ukisimama mita 40 kutoka kwa mwimbaji, ukitumia lenzi ndefu, kamera inasikia wimbo fremu 3 baada ya midomo kusogea. Programu italinganisha sauti na sauti, na picha itatangulia. Dawa yake ni kuichelewesha klipu hiyo kwa fremu 3, na kuandika kwenye karatasi ni shoti zipi zilichukuliwa kwa mbali ili usizisahau.

Spika ya Bluetooth huchelewa sehemu ya sekunde, lakini hilo si tatizo mradi mwimbaji na kamera wanasikia spika ileile. Tatizo huanza mtu akitaka sauti safi, akavuta waya kutoka kwenye simu hadi kwenye kamera huku mwimbaji akifuata spika. Kamera inapata sauti mapema, mwimbaji anachelewa, na kila teki, yaani kila mara unaporekodi, inatoka na kosa lilelile. Visikilizio vya masikioni pia havifai: mwimbaji anasikia, kamera haisikii chochote.

Mwimbaji aimbe kwa nguvu, kwa sauti yake halisi. Anayetikisa midomo tu hujulikana mara moja, kwa sababu shingo imelegea, kifua hakipandi na pumzi haivutwi kabla ya mstari. Akikauka koo, mpe maji na dakika kumi badala ya kumwambia aimbe polepole.

Ukishuti kwa simu, kuna mtego mmoja zaidi. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi thabiti, sekunde hii 29, sekunde inayofuata 30. Kwenye teki ya dakika tatu midomo huanza sawa na kuishia imepotea. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga kasi ya fremu, au pitisha klipu zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na uchague kasi thabiti kabla ya kuanza kuhariri.

Mwendo wa polepole huku midomo ikifuata wimbo

Hii ndiyo mbinu inayowapendeza wengi na inayokosewa na wengi. Nguo inapepea polepole, maji yanaruka polepole, lakini mwimbaji anaimba sawasawa na wimbo. Siri ni kuharakisha wimbo kwenye spika kwa kiasi kilekile utakachopunguza picha baadaye.

Kwa video ya fremu 25, shuti kwa fremu 50 na ucheze wimbo kwa kasi ya asilimia 200. Mwimbaji anaimba mbio mara mbili. Ukiipunguza klipu hadi asilimia 50, mdomo unarudi kwenye mwendo wa kawaida na mwili unabaki polepole. Kwa ohangla au benga ya haraka, asilimia 200 haimbiki, maneno yanamezana. Hapo shuti kwa fremu 30, wimbo kwa asilimia 120, kisha punguza picha hadi asilimia 83.3. Ulaini ni mdogo lakini unaonekana, hasa kwa wachezaji. Tengeneza faili hizo zilizoharakishwa nyumbani na mpe mwimbaji siku mbili tatu azizoee. Kuzitengeneza kwenye lokesheni, watu kumi wamesimama, ni kupoteza jua.

Kinyume chake pia hufanya kazi. Wimbo ukichezwa kwa asilimia 50 huku kamera ikibaki kwenye 25, kisha picha ikiharakishwa mara mbili, mwimbaji anaimba kawaida na soko la Kibuye nyuma yake linakimbia.

Shoti zinazohitajika

Video ya wimbo kwa kawaida huwa na nyuzi mbili au tatu zinazosukwa: mwimbaji akiimba, hadithi fupi isiyo na maneno, na uchezaji. Uzi wa kuimba ndio mgongo. Ukiishiwa na hadithi, utarudi hapo. Ukiukosa, hadithi haitakuokoa.

Kwa kila lokesheni, chukua wimbo mzima mara tatu: kwa mbali, kwa kati, na kwa karibu. Anza kwa mbali mwimbaji akiwa bado anapasha mwili, maliza kwa karibu akiwa ameshaingia. Wimbo wa dakika tatu na nusu katika lokesheni tatu ni teki tisa, kama dakika 32 za kurekodi, lakini ukihesabu kusogeza vitu, kupaka poda na kurudia, tenga saa mbili hadi tatu kwa kila lokesheni. Lokesheni nne kwa siku moja ni nyingi mno ukijumlisha barabara. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hukaa karibu dakika 85.

Kila lokesheni iwe na vazi lake. Huo si ubishoo. Video inaruka kutoka mahali hadi mahali katikati ya mstari mmoja wa wimbo, na vazi tofauti humwambia mtazamaji kwamba kuruka huko kumekusudiwa. Shati lilelile ufukweni na sebuleni huonekana kama kosa la mwendelezo. Epuka mistari myembamba na drafti ndogondogo, maana kamera huzifanya zitetemeke kwa rangi za ajabu. Kitenge chenye maua makubwa hakina shida.

Macho nayo yana kanuni. Kwenye uzi wa kuimba, mwimbaji hutazama ndani ya lenzi. Kwenye hadithi, hakuna anayeitazama. Mwigizaji akiiangalia lenzi hata kwa nukta moja, shoti hiyo imeharibika.

Mwanga wa ikweta

Mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa Ulaya na Marekani, ambako jua hushuka kwa mshazari na mwanga wa dhahabu hudumu sana. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua hapa huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na hutua kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Mwanga mzuri wa jioni ni kama dakika 40, na giza linapoingia haliagi. Ukipanga shoti tano kwa muda huo utapata mbili. Panga mbili, ufanyie mazoezi saa kumi jioni, na kamera isubiri ikiwa tayari.

Asubuhi ina faida ambayo wengi hawaitumii. Dunga na Hippo Point, fukwe za Kisumu, ziko upande wa mashariki wa ghuba ya Winam, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwa kamera, linampiga mwimbaji usoni na ziwa nyuma yake lina rangi. Maji ni matulivu kwa sababu upepo wa ziwa huanza kuvuma jua likishapasha nchi kavu. Kufikia saa nane mchana upepo unapeperusha wigi, unajaza kinasa sauti na mashua hazitulii, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, mawingu ya radi huwa yanajipanga. Jioni palepale Dunga jua liko nyuma ya mwimbaji: utapata umbo jeusi zuri dhidi ya maji ya chungwa, lakini uso hutauona bila kuurudishia mwanga. Kwa hiyo kuimba kushutiwe asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, na jioni iachiwe shoti za umbo, mashua na kutembea ufukweni. Kabla ya siku yenyewe, piga simu kwa mtu aliye ufukweni uulize kuhusu gugumaji. Upepo huyasukuma, na ufuo uliokuwa wazi jana unaweza kuamka umezibwa kijani kibichi.

Saa sita hadi saa nane jua liko utosini na macho yanazama kwenye mashimo meusi. Mpeleke mwimbaji kivulini pembezoni mwa ukuta au mwembe, akitazama nje kunakong'aa. Barabara ya vumbi au ukuta mweupe mbele yake humrudishia mwanga wa bure.

Sasa ngozi nyeusi, ambayo kamera nyingi zikiachwa kwenye oto huikosea. Oto hupima fremu nzima, ikiona anga na maji inafunga mwanga, na uso unazama. Funga vipimo kwa mkono, ukipima uso. Kwenye grafu ya mwangaza, upande ulioangazwa wa uso mweusi mara nyingi hukaa vizuri kati ya 40 na 55. Ukiulazimisha ufike 70 kama vitabu vinavyosema, ngozi inapauka na kuwa ya kijivu. Kinachoipamba ngozi hii ni uso mpana wa mwanga unaoakisiwa juu yake. Kipande cha styrofoam nyeupe cha mita moja kwa mbili, au shuka jeupe lililokazwa kwenye fremu ya mbao, likiwa mita moja na nusu kutoka kwa mwimbaji upande mmoja, huchora mstari laini kutoka kwenye paji hadi kwenye shavu na kidevu. Sogeza kibao polepole huku ukitazama skrini: mahali fulani mstari huo unawaka ghafla, na hapo ndipo pa kukiacha. Mafuta kidogo ya kupaka husaidia mstari huo. Poda nyingi huuua. Shati jeupe pe lililo karibu na uso huwaka kabla uso haujatosha, kwa hiyo chagua krimu, haradali au buluu.

Kasi ya shata iwe mara mbili ya kasi ya fremu: 1/50 kwa fremu 25, 1/100 kwa fremu 50. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na kasi hizo mbili ndizo zinazozuia taa za ndani zisimetemete. Taa za LED za mkanda zenye kufifizwa hazifuati kanuni hiyo. Zijaribu kwa kurekodi sekunde kumi na kutazama. Nje juani, kwa ISO 100 na 1/50, lenzi itataka f/22. Ukitaka f/2.8 ili mandhari yalainike, unahitaji kichujio cha ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Ukishuti kwa logi (picha iliyopauka inayoachiwa rangi kwenye uhariri) ambayo ISO yake ya chini ni 800, ongeza stopu tatu: ND512. Bila kichujio watu huongeza kasi ya shata hadi 1/3200, na wachezaji wanatoka wakikatikakatika kana kwamba fremu zimeibwa.

Msitu wa Kakamega una shida yake. Mwanga unaopenya majani ni wa kijani, na ngozi huchukua rangi hiyo. Pima mizani ya weupe kwa karatasi nyeupe palepale mwimbaji aliposimama, na usimvishe kijani.

Ala za hapa

Mpiga gitaa anayejifanya kupiga hugunduliwa na kila mpiga gitaa anayetazama, na huku ni wengi. Mwite aliyerekodi wimbo, au aliyejifunza sehemu hiyo noti kwa noti, hasa kwenye klaimaksi ya benga, mahali sauti za watu zinapoondoka na magitaa yanajibizana. Hapo shuti vidole vya kushoto na vya kulia kando, teki nzima kila kimoja.

Nyatiti ina nyuzi nane, lakini usiishie kwenye nyuzi. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye mti wa ala, na njuga mguuni zinajibu. Shusha kamera hadi usawa wa ardhi, lenzi iwe sentimita 40 hivi kutoka mguuni, ushuti mdundo huo kwa dakika nzima. Ni shoti itakayokuokoa mara tano kwenye uhariri, kwa sababu kila pigo la chuma lina sauti yake kwenye wimbo na linakupa mahali pa kukatia. Kwa isukuti, anza na mikono kwenye ngozi za ngoma, kisha mabega ya wachezaji. Miguu peke yake haielezi uchezaji ule.

Majini, angani na ruhusa

Kwenye mashua kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Anayeonekana kwenye fremu avue kwa muda wa teki tu, mashua ikiwa karibu na ufuo. Begi la kamera lifungwe kwenye ubao wa mashua.

Droni ikirushwa kutoka kwenye mashua, badilisha mpangilio wa kurudi nyumbani. Droni hukumbuka mahali iliporukia. Mashua ikisogea mita 100, betri ikipungua, itarudi kwa uaminifu na kutua majini. Usiishushe chini ya mita tatu au nne juu ya maji pia, maana vihisi vya chini hudanganywa na mawimbi. Droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020, na Kisumu ina uwanja wa ndege karibu na mji, kwa hiyo ruhusa ya hapa isikisiwe.

Kuhusu leseni ya kushuti, anza na Tume ya Filamu ya Kenya, kisha ofisi ya kaunti kwa maeneo ya umma kama soko. Mbuga ya Ziwa Nakuru ina ada za kushuti zilizo mbali na ada za kuingia. Kit Mikayi, ile miamba mikubwa ya Seme, ni mahali pa ibada kwa watu wengi. Ongea na wazee wanaopatunza kabla ya kufika na wachezaji, na uwaambie vazi na uchezaji ulivyo.

Kuhariri

Panga teki zote juu ya wimbo, zilinganishwe, kisha zima sauti za kamera. Pitia teki moja moja ukifuta sehemu mbaya tu. Baada ya hapo ndipo uanze kuchagua.

Kwa wimbo wa mapigo 100, pigo moja ni fremu 15 na baa ya mapigo manne ni fremu 60. Kata fremu moja au mbili kabla ya pigo. Mkato ulioangukia juu ya pigo kamili huonekana umechelewa. Usikate kila pigo. Mtazamaji huzoea ndani ya sekunde kumi, na kiitikio kikifika huna kasi ya kuongeza. Kwenye ubeti acha shoti ikae baa nzima au mbili, uharakishe kwenye kiitikio, na mahali wimbo unaponyamaza ghafla acha shoti moja ikae bila kukatwa. Picha ya karibu itunzwe kwa mstari ambao mwimbaji anaumaanisha zaidi. Mwulize ni upi, atakuambia.

Rangi ije mwisho. Sawazisha nyuso kwanza kutoka shoti hadi shoti, kisha mandhari. Rangi za kununua, zilizopangwa tayari kwenye faili, zenye buluu kwenye vivuli hufanya ngozi nyeusi ionekane imepoa. Zipunguze nusu au ziache.

Kutoa faili

Toa kwa fremu zilezile 25, H.264, sauti AAC ya kHz 48. Kwa YouTube, 1080p inahitaji angalau megabiti 8 kwa sekunde, na 4K kati ya 35 na 45. Tazama mara moja kwenye simu ya bei ya chini, mwangaza ukiwa nusu, kwa sababu wengi watakaoitazama wako hapo. Vivuli vikipotea, pandisha kidogo. Toa pia kipande cha wima cha kiitikio, sekunde 20 hadi 30, na hapo utaona faida ya kumweka mwimbaji karibu na katikati ya fremu tangu mwanzo.

Pakia video ikiwa ya faragha saa kadhaa kabla ya muda uliotangaza. YouTube hutayarisha ubora wa chini kwanza na wa juu baadaye, na pia ndipo madai ya umiliki wa biti hujitokeza. Dai likija, mpigie prodyuza akulainishie mambo wakati video bado haijaonekana na mtu.